Jina Kwenye Ukurasa wa Kwanza

Nyumba za mawe za Lamu zilizojengwa katika karne ya 18 zina sehemu moja ambayo wageni hawachoki kuipiga picha. Ukishapita daka la mlangoni na ua uitwao kiwanda, ukavuka kumbi ziitwazo misana na kufika ndani, unakutana na ukuta uliojaa zidaka: vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu, kingo zake zimechongwa nakshi kwa mkono. Sahani na bakuli za kaure zilizoletwa na vyombo vya baharini ziliwekwa humo, pamoja na vitu ambavyo mwenye nyumba hakutaka viguswe ovyo. Katika miji ya pwani kitabu kiliishi hivyohivyo, miongoni mwa vitu vya heshima. Kilikaa shubakani au kashani, kimevikwa mfuko wa kitambaa, na msahafu ukawekwa juu kuliko vyote, mahali ambapo hakuna atakayeuelekezea miguu. Ulipotakiwa kusomwa uliteremshwa kwa mikono miwili na kulazwa juu ya marufaa.

Husemwa kwamba vitabu vya nyumbani humfichua mwenye nyumba: anapenda nini, anaamini nini, anataka wageni wamdhanie nini. Hilo lina ukweli wake mahali ambapo duka la vitabu lipo mtaani na mtu huingia akachagua. Historia yetu ni tofauti kidogo. Kwa muda mrefu sana Mswahili hakukichagua kitabu. Kitabu kilimfikia kwa baba, kwa mwalimu wa chuoni, kwa nahodha, kwa padri, kwa mwalimu mkuu, kwa mkopo ambao haukurudishwa. Kwa hiyo vitabu vya nyumbani vinatueleza zaidi njia vilizopita, na anayetaka kuzijua njia hizo huanza kwa kufunua ukurasa wa kwanza na kutazama pembeni mwa maandishi.

Chukua misahafu ya Siyu. Mji huo wa kisiwa cha Pate ulisifika katika karne za 18 na 19 kwa wanavyuoni wake, kwa mafundi wa ngozi na samani, na kwa wanakili waliotengeneza misahafu ya wino mweusi na mwekundu, yenye mapambo ya manjano, juu ya karatasi iliyotengenezwa Ulaya. Mnakili wa hati za aina hii hakutia namba za kurasa. Aliandika chini ya ukurasa neno litakaloanza ukurasa unaofuata, ili karatasi zikichanganyika mtu aweze kuzipanga upya. Mwishoni alitaja jina lake na la baba yake, siku aliyomaliza, mara nyingi na jina la aliyemwandikia, kisha akamwomba msomaji amsamehe makosa na amwombee dua. Wengine waliofuata wakaongeza yao: fulani amekinunua, fulani amekirithi, fulani amekiweka wakfu kwa hiyo kisiuzwe, kisitolewe zawadi wala kisirithiwe. Zile kurasa tupu za mwanzo na mwisho zikapokea tarehe za kuzaliwa na kufa kwa watu wa nyumba. Kitabu kimoja kiliweza kubeba karne nzima ya ukoo, na yote hayo hayamo katika matini yenyewe.

Vitabu vingine vilikuwa vya nyumba kwa umiliki lakini vya mtaa kwa matumizi. Sanduku la juzuu thelathini za Qurani ni mfano ambao bado unaonekana pwani nzima: akifa mtu, sanduku hutolewa, kila aliyekuja msibani akapewa juzuu yake, na khitma ikasomwa kwa kikao kimoja. Tenzi nazo zilipita kwa wanawake. Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, na kutoka hapo ukanakiliwa nyumba kwa nyumba kwa herufi za Kiarabu. Tunapolalamika leo kwamba Waswahili hawana mazoea ya kusoma, inafaa tukumbuke kwamba utendi huo ulienea bila mtambo wa uchapaji, kwa mikono ya watu walioutaka hasa.

Mitambo ilikuja kwa milango miwili. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliofika Unguja mwaka 1864 walianza kuchapa vijitabu vya Kiswahili, na baadhi ya waliopanga herufi walikuwa vijana waliokombolewa utumwani. Sultani Barghash, baada ya safari yake ya Ulaya ya mwaka 1875, alianzisha kiwanda chake kilichochapa vitabu vya Kiibadhi kwa Kiarabu, ikiwemo sehemu ya Qamus al-Sharia, kazi ndefu mno isiyoweza kutosha katika kidaka chochote. Bombay na Cairo zikaleta misahafu na vitabu vya maulidi kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliimudu. Hapo ndipo mnakili alipoanza kukosa kazi.

Karne ya 20 ilibadili sura ya vitabu vya nyumbani, na aliyefanya kazi kubwa kuliko wote ni mwalimu wa shule. Shirika la East African Literature Bureau lilianzishwa mwaka 1948 kuchapisha na kusambaza vitabu kwa lugha za Afrika Mashariki. Kusadikika ya Shaaban Robert ilitoka mwaka 1951, Adili na Nduguze mwaka uliofuata, na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyoshinda shindano la Bureau, ilitoka mwaka 1960 na kumleta mpelelezi Bwana Msa katika nyumba ambazo hazikuwahi kuwa na riwaya. Kisha Tanzania ikaamua kwamba kila mtu mzima asome. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kila kikundi kikiwa na kiongozi na vitabu vilivyochapwa kwa kazi hiyo. Madarasa ya kisomo nayo yalikuwa na vitabu vyao vya kilimo cha pamba, vya kilimo cha ndizi, vya uvuvi. Kwa familia nyingi za vijijini hivyo ndivyo vilikuwa vitabu vya kwanza kulala ndani ya nyumba ukiacha vile vya dini.

Sasa tazama kabati la vioo la sebuleni, lile linalokaa mkabala na makochi. Kaure imo bado, safari hii ni seti ya vikombe vya wageni na glasi zisizotumika. Pembeni pana picha ya mahafali, na rafu ya chini au ya juu kabisa ina vitabu. Nyumba ya Kiislamu itakuwa na tafsiri ya Qurani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyokamilika mwaka 1969. Ya Kikristo itakuwa na Biblia na Tenzi za Rohoni. Baada ya hapo, nyumba zote mbili zinafanana kwa namna ya kushangaza, kwa sababu kinachofuata ni mtaala wa shule. Tanzania utakuta Ngoswe, Watoto wa Mama Ntilie, Takadini, Joka la Mdimu. Kenya utakuta Utengano, Siku Njema, Kidagaa Kimemwozea. Anayejua orodha za mitihani anaweza kukadiria umri wa watoto wa nyumba hiyo bila kuuliza: Kidagaa peke yake kinamwonyesha mtahiniwa wa katikati ya miaka ya 2010.

Fungua kimoja kati ya hivyo. Jalada limevishwa gazeti au karatasi ya kaki. Ukurasa wa kwanza una majina matatu, mawili yamekatwa kwa mstari: kaka alikisoma, dada akakipokea, binamu aliyekuja kukaa hapo kwa masomo akawa wa mwisho. Wakati mwingine juu ya majina hayo pana mhuri wa shule, kitabu kikiwa kimesahaulika kurudishwa. Ndani, penseli imepigia mstari sentensi zinazodhaniwa zitatoka kwenye mtihani, na pembeni pameandikwa kwa herufi za kubanana: dhamira, mgogoro, nafasi ya mwanamke. Mahali fulani katikati penseli inanyamaza. Kurasa nane, kumi, ishirini zinapita bila alama yoyote, na nadhani hapo ndipo msomaji alipousahau mtihani na kuanza kusoma kwa kutaka kujua nini kitatokea. Kwangu kurasa hizo ni ushahidi wa thamani kubwa, na katika kumbukumbu za idara za elimu sijui pa kuutafuta.

Ni kweli pia kwamba kabati hilo linaonyesha upungufu. Riwaya nyingi ziliingia nyumbani kwa lazima ya mtihani, na mtihani ulipopita hazikufuatiwa na nyingine. Wenye kiu walikwenda kwa wauza vitabu vilivyotumika wanaotandaza bidhaa zao chini, katikati ya Dar es Salaam na katika mitaa ya Nairobi, wakachukua Kufa na Kupona ya Elvis Musiba iliyokwisha kupita mikono mitano. Kitabu kipya kilikuwa ghali kwa mshahara wa mwalimu, na bado ni ghali.

Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaokilaani kitabu kinachosomwa kwenye simu. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vyake vya kiada mtandaoni, na mzazi mwenye simu anavifungua bila kulipia nakala. Hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu, uliojengwa na Habib Saleh, zimepigwa picha za kidijitali kwa ufadhili wa mpango wa British Library wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini. Picha zimekwenda London, hati zimebaki Lamu. Linganisha na yaliyotangulia: mwishoni mwa karne ya 19 W. E. Taylor alikusanya Mombasa mashairi ya Muyaka kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, na karatasi zake leo zipo SOAS, London. Nakala ya Utendi wa Tambuka uliotungwa Pate, yenye tarehe ya mwaka 1728, ipo Hamburg. Mtafiti wa Pate alihitaji viza ili asome maandishi ya Pate. Kamera imeondoa udhalimu huo kwa sehemu, na waliopiga picha za Riyadha walifanya jambo jema.

Jambo linalonitia wasiwasi ni lile la ukurasa wa kwanza. Faili la PDF linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp halina majina matatu, na likisomwa na watu elfu linabaki kama lilivyokuwa. Kitabu kilichonunuliwa ndani ya programu nacho mara nyingi ni ruhusa ya kusoma, inayoweza kuondolewa. Mwaka 2009 Amazon ilifuta nakala za riwaya ya George Orwell, 1984, kutoka kwenye vifaa vya Kindle vya wateja waliokwisha kuilipia, kwa sababu aliyeiuza hakuwa na haki nayo. Fedha zilirudishwa, na baadaye Amazon ikajitolea kukirudisha kitabu. Wale waliotamka kwamba kitabu ni wakfu, kisiuzwe wala kisirithiwe, walikuwa wanakilinda dhidi ya nguvu za aina hiyohiyo, na walijua kwamba kinga hiyo huandikwa ndani ya kitabu chenyewe.

Wenye misahafu na vitabu vya kurithi majumbani wanaweza kuanza leo, kwa simu hizohizo. Wapige picha kurasa tupu kabla ya zile zilizoandikwa: majina, wakfu, tarehe za waliozaliwa, alama za penseli, mihuri. Matini ya Ngoswe ipo katika nakala maelfu. Majina yaliyokatwa yapo katika moja. Hati zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zina haraka zaidi, kwa sababu mchwa na unyevu wa pwani havingoji, na wajukuu wanaoweza kuzisoma wanapungua.

Upo na upande mwingine usiopata mlinzi. Riwaya za Kiswahili zinaandikwa sasa sehemu baada ya sehemu kwenye makundi ya simu, wasomaji wanalipa kidogo kidogo kwa simu hiyohiyo, na maoni yao yanaingia papo hapo, pengine yakabadili hata mwisho wa hadithi. Vitabu vilivyochapwa sheria huvitaka vipelekwe maktaba ya taifa. Riwaya hizi hazipelekwi popote. Mwandishi akibadili simu, kundi likivunjwa, hadithi na pembezoni zake zimekwenda pamoja, ilhali mtungaji yu hai na wasomaji wake wa juzi wangali wanabishana kama mhusika alistahili kufa.