Kiungo Kutoka Mji wa Uzi

Kaa kijiweni utaje soka ya Marekani, uone watu watakavyocheka. Utaambiwa wale ni watu wa kikapu na masumbwi, kandanda wameianza juzi tu. Mimi nabisha, na shahidi wangu ni kiungo mmoja aitwaye John Harkes.

Harkes alizaliwa mwaka 1967 katika mji mdogo wa Kearny, jimbo la New Jersey, si mbali na jiji la New York. Ukitaka kumwelewa kijana huyu, anza na uzi. Ndiyo, uzi wa kushonea nguo! Katika karne ya 19 kampuni ya Clark kutoka Uskochi ilijenga viwanda vya uzi sehemu zile, na Waskochi wengi wakavuka bahari kufuata kazi. Walikuja na masanduku yao, lafudhi yao na mpira wao. Mwaka 1885, Kombe la Amerika liliposhindaniwa kwa mara ya kwanza, lilichukuliwa na timu ya kiwanda hicho. Ikalichukua tena 1886 na 1887.

Basi, ndugu msomaji, baba yake Harkes naye alikuwa mhamiaji kutoka Uskochi. Nchi ilikuwa haina habari na soka, lakini mtaani kwao mtoto alizaliwa akaukuta mpira unachezwa.

Tatizo likaja ukubwani. Ile ligi iliyowahi kuwaleta Pelé na Beckenbauer ilicheza msimu wake wa mwisho mwaka 1984. Hebu fikiri: una miaka 17, miguu inawaka moto, na ligi kubwa ya nchi yako ndiyo hiyo imekufa. Ungefanyaje? Harkes alikwenda Chuo Kikuu cha Virginia, akafundishwa na Bruce Arena, na mwaka 1987 akapata tuzo ya Missouri Athletic Club, aliyokuwa akipewa mchezaji bora wa vyuo.

Mwaka 1990 Marekani ilirudi Kombe la Dunia baada ya miaka 40. Kule Italia walifungwa mechi zote tatu, tena ya kwanza mabao 5-1 na Chekoslovakia. Lakini dhidi ya wenyeji, pale Roma, walifungwa 1-0 tu. Siku hiyo walikuwepo uwanjani Harkes, Tab Ramos na kipa Tony Meola, wote watatu watoto wa mitaa ya Kearny. Mji mmoja mdogo!

Mwaka huohuo Harkes akaenda kujaribiwa na Sheffield Wednesday, iliyokuwa daraja la pili Uingereza. Wakamchukua. Mwezi Desemba, katika Kombe la Ligi, wakacheza na Derby County. Beki wa kulia alikuwa majeruhi, kwa hiyo Mmarekani akapangwa namba isiyo yake. Golini alisimama Peter Shilton, mkongwe wa timu ya taifa ya Uingereza. Harkes akakokota, akaachia kombora la mbali, nyavu zikatikisika. Sheffield ikashinda 2-1, na mwaka 1991 ikaifunga Manchester United 1-0 kwenye fainali. Mwaka 1993 wakarudi fainali, wakafungwa na Arsenal 2-1. Bao lao hilo moja lilikuwa la Harkes, Mmarekani wa kwanza kufunga katika fainali ya kombe hilo.

Kwa nini nayaandika haya katika gazeti la watu wa hadithi? Kwa sababu sisi nasi tunaambiwa kila siku eti nchi hii haina wasomaji, tutafute kazi nyingine. Harkes hakungoja Marekani nzima ipende soka ndipo aanze kucheza. Alikuwa na mtaa wake, wazee wanaoujua mchezo na wenzake wa kupigiana pasi. Sisi tuna madaftari, na tupo wa kusomeana. Tuyapitishe mkono kwa mkono, na tukosoane bila kuoneana haya.