Uzito wa Nyuma

Gari la marehemu baba lilikuwa Peugeot 404, rangi ya maziwa, na lilipotufikia sisi warithi lilikuwa tayari kuukuu. Lililala uani kwetu Iyunga, upande wa chini wa barabara kuu, mahali ambapo usiku tulisikia treni za TAZARA zikiingia stesheni na malori yakibadilisha gia kuelekea Tunduma. Mama aliliita "mume mwenza", kwa kuwa baba alilitunza kuliko alivyomtunza mtu yeyote. Baada ya msiba aliamua kwamba mume mwenza naye sharti afanye kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kupanda Umalila kuleta viazi.

Msomaji anayeijua njia ya kutoka Mbalizi kwenda Ilembo enzi hizo hahitaji kuelezwa. Kwa asiyeijua niseme tu kwamba mlima ni mkali, udongo ni laini, na kuanzia Novemba hadi Mei mvua haiombi ruhusa. Gari letu lilisukumwa na magurudumu ya nyuma. Lilikuwa likipanda tupu na kushuka limejaa, na hapo ndipo ulipokuwa msiba wote. Wakati wa kupanda, ambapo magurudumu ya nyuma yalihitaji kukandamizwa yaing'ate ardhi, hapakuwa na kitu huko nyuma isipokuwa upepo.

Mwaka 1983 tukaanza kushauriana: tulifanyeje gari lile lishike njia? Baraza lilikuwa la watu wanne. Mama, mwenye mali. Baba mdogo, ambaye aliwahi kuwa utingo. Mimi, niliyekuwa dereva kwa sababu tu nilikuwa na leseni. Na fundi mmoja wa gereji ya mtaani Mwanjelwa, mtu wa maneno machache na mafuta mengi mikononi. Mdogo wangu alikuwepo pia, lakini hakuna aliyemwuliza.

Baba mdogo alianza na historia, na historia yake ilikuwa ya kweli. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na muda mfupi baadaye Zambia ikakatiwa mafuta yaliyokuwa yakipita kusini. Ikabidi mafuta yatoke Dar es Salaam kwa barabara, mengine ndani ya mapipa, yapite Morogoro na Iringa, yaje Mbeya, yavuke Tunduma. Barabara ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na uji wakati wa masika. Wazungu wakaiita njia ya jehanamu, na mara hii hawakutia chumvi. Malori yalianguka Kitonga, mengine yalikwama kwa siku nyingi. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilometa 1,710 hadi Ndola, lilipoanza kazi mwaka 1968 ndipo mzigo ukapungua. Lami ikaja mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli, kilometa 1,860, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976.

Katika miaka ile, alisema, walijifunza mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha udereva. Lori lenye mzigo hupanda tope ambalo lori tupu haliliwezi. Utingo hutembea na gogo lake, gurudumu likirudi nyuma analizuia. Minyororo hufungwa kwenye matairi kabla ya kukwama, maana ukishakwama utaifungia wapi? Tena matairi mawili yakiwa hayazunguki pamoja, moja huchimba kaburi na jingine hutazama.

Hilo la mwisho ndilo lililomfikisha kwenye hoja yake. Alitaka difu ichomelewe.

Nieleze kidogo, kwa faida ya wale ambao hawajawahi kulala chini ya gari. Difu ndiyo inayoyawezesha magurudumu mawili ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, kwa maana kwenye kona gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Ni uvumbuzi wa busara sana, ila una udhaifu mmoja: nguvu inayoifikia kila upande ni sawa, na haiwezi kuzidi ile ambayo upande dhaifu unaweza kuipokea. Gurudumu moja likikaa kwenye utelezi, linazunguka bure, na lile lililo kwenye udongo mgumu halipati kitu. Ukizichomelea gia ndogo za ndani, magurudumu yote mawili yanalazimika kwenda pamoja kama ng'ombe wa nira moja.

Fundi aliposikia akatikisa kichwa. Alisema kutoka Iyunga hadi Mbalizi ni lami, na juu ya lami magurudumu yaliyofungwa pamoja hayana pa kuserereka. Kila kona tairi litajikwangua, au ekseli itajipinda hadi ikatike. Tena difu ya 404, alisema, si kama ya magari mengine. Ndani yake kuna mparafujo wa chuma unaozungusha gurudumu la shaba nyeusi. Huwezi kuchukua difu ya Datsun au ya Land Rover ukaipachika. Mama alimgeukia baba mdogo akamwuliza swali moja tu: "Shemeji, ikivunjika, nani atanunua nyingine?" Baba mdogo akanywa chai yake.

Zamu yangu ilipofika nami nilikuwa na historia yangu, ya kijana aliyekuwa akisikiliza redio kila Pasaka. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yaliwekwa makusudi katika majira ya mvua, na kwa miaka mingi yalipita Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 tena, na mara zote mbili la kwanza lilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Kati ya hapo, mwaka 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell, naye kwa gari lilelile 404. Nilimwambia mama kwamba mume mwenza wake ni wa ukoo bora.

Ukitazama washindi wa kabla ya hapo utaona jambo. Volkswagen ndogo ya mgongo wa kobe ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962, na haikuwa na nguvu za ajabu. Siri yake ni kwamba injini imekaa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo hata ikiwa tupu ina mzigo mahali panapotakiwa. Renault 4, tuliyoijua huku kwa jina la Roho, ilikuwa kinyume chake: injini mbele na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Ilikuwa nzuri kwenye tope la tambarare, lakini mlimani uzito wote hukimbilia nyuma, na magurudumu ya mbele huanza kupapasa. Mjanja aliigeuza akapanda kwa rivasi.

Na magari ya Safari yenye injini mbele na msukumo wa nyuma, kama letu? Hayo yalikuwa na dawa rahisi kuliko zote. Yakikwama, mwenzake dereva alishuka, akasimama juu ya bampa la nyuma akiwa ameshika vipini vilivyofungwa kwenye buti, akarukaruka. Kilo zake sabini zilitosha.

Baadaye, nikiwa mtu mzima, nilisoma kwamba huko Marekani wako watu wanaoshindana kwa magari kwenye njia iliyonyooka, robo maili tu, kama mita 400. Tangu miaka ya 1950 wamekesha wakilitafakari swali lilelile letu la Iyunga. Wanachukua gari kuukuu, wanalegeza springi za mbele ili pua inyanyuke linapoondoka na uzito urudi nyuma. Wanahamishia betri kwenye buti. Wanafunga matairi mapana laini na kupunguza upepo. Nilicheka peke yangu. Wao wana lami iliyopakwa gundi na hawana viazi.

Basi hoja yangu katika baraza ilikuwa mchanga. Magunia matatu, kilo hamsini kila moja, ndani ya buti. Fundi alikubali, kwa sharti kwamba magunia yasikae kwenye buti bali yawekwe ndani, mahali pa kiti cha nyuma, juu ya ekseli kabisa. Kwenye buti, alisema, mzigo unakuwa nyuma ya ekseli, unainyanyua pua na usukani unakuwa mwepesi. Tena mkifika juu mmwage mchanga kabla ya kupakia. Nililisikia la kwanza nikalipuuza, kwa sababu kitini nilitaka kupakia abiria wa kulipa. La pili nalo nililisikia.

Tulipanda vizuri mno. Sijawahi kuona gari likipanda vile. Huko juu nilimwona mdogo wangu akianza kufungua gunia nikamkataza: mchanga wa kokoto za Songwe, mzuri, safari ijayo tutaupata wapi? Tukapakia viazi juu yake.

Mvua ilitukuta kwenye mteremko wa tatu. Nilipogusa breki, uzito wa mbele uliongezeka kama kawaida, lakini mkia ule wa kilo mia tatu na ushee haukutaka kusimama. Ukaja ubavuni kwangu. Niliuona mlima ukipita dirishani kutoka kushoto kwenda kulia, kisha tukawa mtaroni, viazi vikibiringika kuelekea bondeni. Mdogo wangu alikuwa ametoa mkono nje ya dirisha. Ulivunjika mahali pawili.

Mama hakunigombeza. Aliita baraza tena, akiwa ameketi kitandani kwa mdogo wangu, na safari hii alianza kwa kumwuliza yeye. Akasema: minyororo. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea: breki ya mkono. Alikuwa ameona dereva mmoja wa Ilembo akiivuta kidogo tu wakati gurudumu moja linazunguka bure, na lile jingine likaamka. Fundi akacheka kwa mara ya kwanza. Ni kweli, alisema. Breki ya mkono ya 404 inakamata magurudumu ya nyuma, nawe ukilizuia lile linalozunguka bure, difu inapitisha nguvu kwa mwenzake. Kuchomelea bila kuchomelea.

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Tairi mbili nyembamba zenye meno marefu, za kupenya uji hadi kwenye udongo mgumu, ambazo zilitugharimu miezi minne ya kuzitafuta maana wakati ule tairi lilitafutwa kama dawa. Minyororo ya kuungaunga kutoka kwa mhunzi. Magunia mawili, juu ya ekseli, na baba mdogo mwenyewe alisimamia kumwagwa kwake kule juu, akihesabu. Na siku ya mvua kubwa, alisema mama, viazi vitasubiri.

Gari lilifanya kazi hiyo hadi mwaka 1991. Mkono wa mdogo wangu haukunyooka tena sawasawa. Siku hizi ana Toyota inayosukuma magurudumu yote manne, na kwenye mteremko, hata kukiwa kukavu, bado anageuka kutazama nilichopakia nyuma.