Dansi ya faragha inauzwaje? Hesabu za klabu za wacheza utupu Marekani

Kila nikirudi likizo Bongo napigwa swali lile lile: "Mzee, si uliendesha teksi Las Vegas? Hebu tupe za kule kwenye klabu za wacheza utupu." Wengi wanataka kusikia habari za viuno. Leo mimi nawapa hesabu, maana nimebeba abiria kibao waliotoka humo wamenyong'onyea, na baadhi yao walikuwa wachezaji wenyewe.

Kwanza sio kama kwetu. Kwetu mnenguaji akikukosha unainuka, unamtunza, noti unaibandika kwenye paji la uso, unarudi kukaa. Pedeshee akimwaga hela ukumbi mzima unaona. Kule jukwaa ni tangazo tu. Dada anacheza nyimbo mbili tatu, anaokota dola moja moja alizotupiwa, anashuka. Pesa yenyewe iko huku chini kwenye viti, anapozunguka kuuza dansi ya faragha, yaani anakuchezea wewe peke yako pembeni.

Kipimo ni wimbo. Kwa miaka mingi bei iliyozoeleka sehemu nyingi ilikuwa dola 20 kwa wimbo, na wimbo ni dakika tatu hivi, basi. Chumba cha VIP kinauzwa kwa nusu saa au saa nzima. Hapo tunaongelea mamia ya dola, na klabu inakata fungu lake.

Anauzaje sasa? Hatua ni hizi:

1. Anakusoma. Viatu, saa, umekuja na nani, unalipa kwa noti au kwa kadi.

2. Anapiga stori. Unaitwa nani, unatokea wapi, unafanya kazi gani, unaondoka lini. Unaona ni maongezi, kumbe majibu yako ndio yanamwambia mfuko wako una kina gani.

3. Anafunga biashara. Wimbo mpya ukianza anakushika mkono, "twende". Ukisema baadaye, anaaga kwa tabasamu na kuhamia meza nyingine. Usidhani ana dharau, muda unamkimbia.

4. Anaongeza. Wimbo ukiisha anauliza, "tuendelee?" Hapa ndipo wanaume wengi wanapoteza hesabu.

5. Anamtunza mteja wa kudumu. Anakumbuka jina lako na kinywaji chako. Mteja anayerudi kila wiki ana faida kuliko wapita njia kumi.

Mtasema huku ni kuchuna buzi tu. Ngojeni kwanza.

Klabu nyingi kule hazimlipi mchezaji mshahara. Yeye ndiye anailipa klabu ada ya kuingia kazini kila usiku, na sehemu nyingine akichelewa anapigwa faini. Akimaliza anamkatia DJ, mabaunsa na wengineo. Kwa hiyo anaanza kazi akiwa tayari anadaiwa. Kila dakika anayokaa na wewe bila kuuza, deni liko pale pale.

Usiku mmoja wa katikati ya wiki nilimbeba dada mmoja karibu na alfajiri. Aliuza dansi nne tu, dola 80, na ada pamoja na migao vilizidi hapo. Mita ilipofika kwenye hela aliyobaki nayo akaniomba nimshushe pale pale, amalizie kwa miguu. Akaniambia, "Leo nimelipa ili nifanye kazi." Nilizima mita nikampeleka hadi kwake.

Na mimi nilikuwa kwenye mnyororo huo huo. Klabu zilikuwa zinatulipa madereva kwa kila kichwa tulichopeleka. Abiria akiniuliza "wapi pazuri?", jibu langu lilikuwa na bei. Sijisifu.

Upande wa mteja nako noma. Mshikaji wangu mmoja, Mswahili mwenzetu, aliamini kabisa kuwa dada amempenda. Nyimbo 14, dola 280, bado vinywaji na bakshishi. Kodi ya nyumba ikaja kuombwa kwangu. Tena huyo ni mdogo. Mwaka 2003 mkuu wa kampuni moja ya teknolojia alipelekewa bili ya dola 241,000 kwenye kadi kutoka klabu moja ya New York. Akagoma kulipa zote, wakafikishana mahakamani.

Wachezaji nao hawajalala. Lusty Lady ya San Francisco walipata mkataba wa chama cha wafanyakazi mwaka 1997, mwaka 2003 wakainunua klabu na kuifanya ya ushirika, ikafungwa 2013. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nevada ilisema wachezaji waliofungua kesi ni waajiriwa wenye haki ya kima cha chini cha mshahara, lakini mwaka uliofuata bunge la jimbo likapitisha sheria iliyorahisisha kuwahesabu watu kama wakandarasi binafsi. Mwaka 2024 jimbo la Washington likaweka kikomo: klabu isimtoze mchezaji zaidi ya dola 150 au asilimia 30 ya alichopata zamu hiyo, kile kilicho kidogo.

Kwa hiyo vijana mnaowaza kwenda majuu: ukiingia humo, uliza bei kabla hujainuka kwenye kiti, hesabu nyimbo mwenyewe, lipa taslimu, kadi iache nyumbani. Kama hununui, mwambie mapema aende zake, umemsaidia. Na dada unayeambiwa kuna "kazi ya kucheza" nje, uliza kwanza ada ya usiku ni kiasi gani na nani anakatiwa nini.

Buzi la kwanza kuchunwa mle ndani mara nyingi ni mchezaji mwenyewe, kabla mteja hajafika.

Nawasilisha.