Abeti, Binti wa Kisangani

Mtu akituuliza habari za wanawake waimbaji wa Kongo, mara twamtajia Mbilia Bel, twamtajia Tshala Muana, basi twanyamaza. Sifa zao ni haki yao. Lakini Mbilia Bel mwenyewe, alipokuwa msichana, alianza kazi akiimba nyuma ya mwanamke mwingine, na huyo mwingine ni mtoto wa mji wetu.

Alizaliwa tarehe 9 Novemba 1954, mji huu ulipokuwa ukiitwa bado Stanleyville, naye akaitwa Elisabeth Finant. Baba yake, Jean-Pierre Finant, alikuwa mtu wa chama cha Lumumba, na mwaka wa 1960 akawa rais wa kwanza wa serikali ya Jimbo la Mashariki. Hakukaa sana. Lumumba alipoondolewa, naye alikamatwa. Mwezi wa Februari 1961 akauawa huko Bakwanga, katika Kasai. Binti yake alikuwa na miaka sita.

Basi alikulia Kinshasa, na huko Gérard Akueson, mtu wa Togo, akasikia sauti yake, akaisimamia kazi yake, na baadaye akawa mumewe. Mwaka wa 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya ubatizo ya kigeni, nasi twakumbuka jinsi Kardinali Malula alivyopinga jambo hilo. Ulimwengu ulimjua binti huyu kwa jina la Abeti Masikini; lakini ukilisikiliza vema jina la Abeti, utasikia kwamba Elisabeth hakutoka kabisa.

Siku zile muziki wa Kinshasa ulikuwa mali ya orkestra za wanaume, Franco upande mmoja, Rochereau upande wa pili. Lucie Eyenga alikuwa ameimba tangu miaka ya 1950, naam, lakini kati ya wanaume. Na rumba ilikuwa na desturi yake: kwanza maneno polepole, halafu magitaa yakimbie, watu wacheze. Abeti hakuifuata. Katika sahani yake ndefu ya kwanza, iliyotoka Ufaransa mwaka wa 1973 chini ya jina la Pierre Cardin, yule mshonaji mashuhuri wa Paris, alichanganya blues na soul ya Wamarekani Weusi na nyimbo za kwetu, na sauti yake ikatangulia vyombo vyote. Aliimba Kilingala na Kifaransa, hata Kiswahili pia. Wimbo mmoja waitwa "Mutoto Wangu", umeandikwa hivyo hivyo, kama mama zetu wasemavyo hapa. Wengine wataona ni jambo dogo. Sisi hatuoni hivyo, maana katika Kinshasa ya siku zile mwimbaji aliyetaka kupendwa upesi alichagua Kilingala.

Tarehe 19 Februari 1973 aliimba katika ukumbi wa Olympia, Paris, akiwa na miaka 18 tu. Rochereau alikuwa ameimba pale mwishoni mwa 1970. Mwaka wa 1974 akaimba Carnegie Hall, New York. Septemba ya mwaka huo huo akapanda jukwaani Kinshasa katika sikukuu ya muziki iliyoandaliwa kwa ajili ya pigano la Ali na Foreman, pamoja na Miriam Makeba na James Brown.

Baadaye alirudi kwenye muziki wa kuchezea. "Je suis fâché" ya mwaka 1986 ilimpatia sifa kubwa, na kwa maoni yetu wimbo huo ndio uliofunika kazi yake ya kwanza, iliyokuwa ya ujasiri zaidi. Alifariki Ufaransa tarehe 28 Septemba 1994, hajatimiza miaka 40.

Sauti za waimbaji wa Afrika katika sikukuu ile ya 1974 zilikaa miaka mingi bila kutolewa, hata zikatoka mwaka wa 2017, na Abeti yumo. Ile sahani ya 1973, mwenye kuwa nayo nyumbani aipanguse vumbi, wala asiiuze kabla wanawe hawajaisikia.