Wakfu wa Familia Mbele ya Mahakama ya Kikoloni: Kutoka Bengal hadi Kenya

Insha hii inachunguza namna sheria ya kikoloni ilivyoudhoofisha wakfu wa familia. Katika sharia ya Kiislamu, mali iliyowekwa wakfu haiuzwi wala hairithiwi. Asili yake huzuiwa na pato lake hugawiwa wanufaika, wakiwemo jamaa wa mtoa wakfu. Mwaka 1894, mahakama ya mwisho ya rufaa ya makoloni, iliyokuwa London, ilibatilisha wakfu wa ndugu wawili wa Bengal uliolenga vizazi vyao kwanza, kisha wajane, mayatima na mafukara. Majaji waliliona fungu la maskini kuwa la mbali mno. India ilirekebisha hali hiyo kwa sheria ya mwaka 1913, ambayo haikuhusu Afrika ya Mashariki. Hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mahakama hiyohiyo ilifuata msimamo wa 1894 na kubatilisha wakfu wa familia moja ya Kenya. Kiini cha mgogoro kilikuwa maana ya sadaka: sheria ya Kiingereza iliitenga na jamaa, ilhali Uislamu huianzia kwao. Kwa hiyo, mtafiti anayepima ustawi uliotokana na wakfu kwa kuhesabu misikiti, madrasa na visima pekee huirithi mipaka ya majaji hao.