Meza Isiyo na Nyuma

Semina yetu ya mwaka wa kwanza wa biashara, hapa Machakos, ilikuwa na watu kumi na wawili. Kwenye ukumbi wa mihadhara unaweza kusinzia kule nyuma. Meza ya watu kumi na wawili haina nyuma.

Kazi ya kwanza: kila mtu alete historia ya biashara ya kwao. Mimi ni wa Wamunyu, matatu za Kitui hupita hapo. Nikaandika kuhusu M-Pesa.

Lekchara akauliza, "M-Pesa ilizaliwa kwenu?" Watu wakacheka. Nikajibu kwetu hakuna biashara, ni kuchonga tu. Hiyo "tu" ndiyo iliyonilipia karo. Nikapewa wiki moja nirudie.

Kumbe historia ilikuwa inanisubiri nyumbani. Mutisya Munge alikuwa mchongaji wa Wamunyu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa Tanganyika, na huko akaona vinyago vya watu wa upande ule. Wengi huwataja Wazaramo. Aliporudi akaanza kuchonga vya kuuza, wateja wakiwa wazungu. Jamaa na majirani wakajifunza kwake, na kazi ya mtu mmoja ikawa ya kijiji kizima. Wakamba walikuwa wazoefu wa soko: karne ya 19 misafara yao ilishusha pembe za ndovu hadi Mombasa. Mwaka 1963 wachongaji Wakamba wakaanzisha ushirika wao Changamwe, huko huko Mombasa.

Niliposoma hayo mezani, maswali yakaanza. Mti unatoka wapi? Mpingo na muhugu vimepungua, nikasema, siku hizi wengi huchonga mwarobaini, mjakaranda, hata mwembe. Na bei anapanga nani? Mmoja akasema ushirika ndio dawa. Mwingine akapinga: dalali ananyonya, sawa, lakini analipa leo, na unga unanunuliwa leo. Walibishana nusu saa kuhusu twiga wa mbao, maze, na mimi niliyekulia kwenye vumbi lake sikujua anauzwa ngapi.

Jioni nikampigia baba.

"Kwani hiyo ndiyo mnasoma huko?"

"Ndiyo, baba."

Akanyamaza kidogo. Halafu akaniambia nichukue kalamu, tuanze na bei ya gogo.