Bibi Yako Yumo Katika Madeni

Wasia wa Kiingereza humtaja mke na watoto, na pengine hata kitanda: Shakespeare, mwaka 1616, alimwachia mkewe kitanda chake cha pili kwa ubora. Anayetafuta ukoo wake Unguja akitarajia hayo atababaika. Mafungu ya warithi yamekwishapangwa na sharia. Mwenye mali ana hiari ya theluthi tu, nayo hawezi kumwusia mrithi mpaka warithi wenzake waridhie. Kwa hiyo wasia huwataja zaidi walio nje ya mirathi: msikiti, yatima aliyelelewa nyumbani, mtumwa aliyeachwa huru, suria.

Huyu wa mwisho ndiye anayezisumbua koo nyingi za pwani. Suria aliyemzalia bwana wake alikuwa huru bwana alipofariki, lakini hakumrithi. Mwanawe, baba akimkiri, alirithi sawa na ndugu zake wa ndoa. Amri ya Aprili 1897 iliyoondoa utumwa kisheria Unguja na Pemba iliwaacha masuria nje, wakangoja hadi 1909. Basi ukimwona mtoto katika mgawanyo wa kadhi, na mama yake hayumo ila kwenye wasia, huenda mama alikuwa suria. Huenda pia alikuwa mtalaka, usikimbilie kuandika.

Orodha ya mali nayo isomwe polepole. Shamba huhesabiwa kwa miti, mikarafuu na minazi, kwani mti uliweza kuwa na mwenyewe na ardhi na mwingine. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuisaza ile ya Pemba, kwa hiyo thamani ya shamba bila mwaka wake haina maana. Karatasi imepoteza tarehe? Tazama fedha: riale ni za zamani, kisha rupia, na shilingi hazikuingia hadi 1936.

Mimi ningeanza na madeni, ukurasa ambao wengi huupita haraka. Maiti akishazikwa, madeni hutangulia wasia na mirathi, na mahari ambayo haijalipwa ni deni. Mke basi husimama kwanza kama mdai, kwa jina lake na la baba yake na kiasi anachodai, kabla hajahesabiwa mrithi. Mtalaka ambaye hakulipwa hudai vilevile. Suria hakuwa na mahari ya kudai.